Uzi wa Mama kwenye Msumari wa Mwisho

Ukiingia chumba cha kazi cha Nyuzi, kabla hujaona shanga utaona misumari. Imepigwa ukutani kwa mstari, kuanzia juu ya meza mpaka karibu na mlango, na kwenye kila msumari unaning'inia uzi. Mgeni hudhani ni uvivu, kwamba fundi ameshindwa kununua kabati. Sivyo. Kila uzi pale ni shingo ya mtu.

Ndivyo anavyofanya kazi. Mteja akitaka kidani, Nyuzi hamuulizi namba wala hampimi kwa futi ya fundi cherehani. Humzungushia uzi shingoni, huuacha ulale pale pale mteja anapotaka kidani kilale, hupiga fundo, hukata, kisha huutundika pamoja na kitambaa kidogo cha rangi ili ajue ni wa nani. "Namba husahaulika," huwaambia. "Uzi haudanganyi." Jina la Nyuzi lilitokea hapo. Lile la kuzaliwa limebaki kwenye vyeti, na kinywani mwa mama yake siku akikasirika.

Misumari nayo ina sheria. Uzi ulio juu ya meza ndio unaofanyiwa kazi. Ukishuka huo, zote husogea msumari mmoja mbele, na anayekuja leo huanzia kule mlangoni. Aliyetangulia ametangulia, awe tajiri awe nani. Watu waliipenda sheria hiyo, maana mafundi wengi ukiwapa kazi hujui utaipata lini wala utaipata kwa nani. Lakini hata sheria nzuri huwa na tundu, na tundu la sheria ya Nyuzi lilikuwa neno moja: wa nyumbani.

Tuanze na Jumatatu. Zamani, Nyuzi alipokuwa hajulikani sana, Jumatatu haikuwa ya mteja yeyote. Aliiita siku ya kucheza. Alilala mpaka akatosheka, akaamka, akaloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu na kuipaka mafuta kidole kwa kidole, kisha akamwaga juu ya trei makopo yote ya mabaki: shanga zilizopasuka, vipande vya waya, mbegu kavu, hereni zilizopoteza wenzao. Akawa anachezacheza tu. Hakuna aliyemwagiza, hakuna aliyesubiri. Vitu vyote vizuri alivyowahi kubuni vilizaliwa Jumatatu, na jioni alivichukua akaenda kumwonyesha mama yake, ambaye alikuwa na tabia ya kukigeuza kitu nyuma kwanza.

"Mbele kila mtu anaweza," mama alikuwa akisema. "Nionyeshe mafundo."

Alikuwa na haki ya kusema. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, amewashonea watu sare za shule na magauni ya sherehe mpaka macho yakamwambia basi. Siku alipoifunika cherehani yake kwa shuka na kuisukuma pembeni, alikuja kwa binti yake amebeba kopo la maziwa ya unga, zito, linalosikika kila hatua. Akalimimina lote kwenye trei. Lilikuwa limejaa vifungo.

"Nitengenezee kitu cha kuvaa kwa hivi."

"Vifungo, mama? Watu watasema nimeishiwa shanga."

"Waseme, midomo ni yao. Mimi nimevishona kwenye nguo za watu maisha yangu yote, sijawahi kujipamba hata na kimoja. Hivi vimeniona nimeinama. Sasa vinione nimekaa."

Akachagua mwenyewe kifungo cha katikati. Kilikuwa kikubwa, cheupe, kinang'aa kama ndani ya kombe la baharini, mabaki ya koti la mteja ambaye hakurudi kulichukua. Akakiweka kwenye kishimo cha koo. "Hapa," akasema, "kisishuke, kisipande." Nyuzi akamzungushia uzi. Shingo ya mama wakati ule ilikuwa nene, imejaa, ina mikunjo inayopendeza, na mwenyewe alikuwa na mtekenyo kama mtoto.

"Usinibane, mimi si mbuzi!"

"Tulia basi, mama, nitakosea."

Walicheka mpaka uzi ukaanguka, wakaanza upya. Ulipotundikwa mlangoni ulikuwa mrefu kuliko zote ukutani. Kidani kile kilikuwa kazi ya Jumatatu, kwa sababu kilihitaji kubuniwa. Vifungo si shanga. Vina matundu mawili au manne, vinalala ubavu, vinapindana, kila kimoja kina kiburi chake. Nyuzi alifurahi kuliko alivyofurahi kwa muda mrefu. Jumatatu iliyofuata alijaribu safu moja ya vile vidogo, ikakaa vizuri, akaiacha kwenye trei.

Hapo ndipo alipoingia mwenye duka.

Huyu alikuwa mwanamke wa watu, mchangamfu, mwenye duka la mapambo lenye madirisha ya vioo kwenye barabara kuu, na alikuwa amepita tu kuchukua bangili zake. Akaiona trei.

"Fundi, hii nani kabuni?"

"Ah, hiyo ya mama yangu. Bado najaribu."

"Acha kujaribu, hii imekwisha! Nitengenezee hivi hivi, nyingi. Vifungo nitaleta mimi. Kila Jumanne asubuhi nazikuta tayari, unaonaje?"

Nyuzi aliona vizuri sana. Aliona kodi ya chumba isiyomsumbua, taa mpya ya mezani, kiti chenye mgongo. Hakuna ubaya katika kuona hayo, na mtu asimcheke. Sanaa haijawahi kumlipia mtu kodi kwa kutazamwa. Kilichomponyoka ni hesabu ndogo ya kitoto: kitu kinachotakiwa Jumanne asubuhi kinatengenezwa lini? Aliiuza Jumatatu yake siku ile bila hata kuifunga kwenye karatasi.

Uzi wa mama ulipofika msumari wa pili kutoka mezani, akausogeza nyuma mpaka mlangoni. Mara moja tu, alijiambia, wiki hii imebana. Ulipofika tena, akausogeza tena. Safari ya tatu hakujiambia chochote. Wakati huo wake za watu na mabinti wa watu walikuwa wanapita mitaani na vidani vya vifungo, wazo la mama yake likiwa shingoni mwa kila mtu isipokuwa mama mwenyewe.

Ikaja na simu. Biashara siku hizi huwezi kukaa kimya ukasubiri kugongewa mlango. Picha zipigwe kwenye mwanga mzuri, zitumwe, watu wajibiwe. "Mpenzi, bado ipo?" "Mpenzi, mwisho ngapi?" Akiwatajia bei, wapenzi wote wanazima. Siku nyingine alishika simu kuliko sindano, na akishika sindano anajiona amechelewa.

Mama alikuwa bado ana miguu wakati huo. Alipenda kuja na kukaa kwenye stuli kando ya mlango, akipanga shanga kwa rangi ingawa macho yalikuwa yanamdanganya kati ya kijani na bluu. Siku moja mteja mmoja alikuwa anashikashika nyuzi ukutani kwa kukosa la kufanya.

"Huu mrefu wa nani? Kila nikija naukuta hapa hapa mlangoni."

Nyuzi hakuinua kichwa. "Huo wa mama. Ni wa nyumbani, hana haraka."

Mama pale kwenye stuli akacheka. "Kweli sina haraka. Niende wapi?"

Wote watatu wakacheka, na mteja akaomba uzi wake utangulizwe. Nyuzi amekikumbuka kicheko kile mara nyingi tangu hapo, na hakimchekeshi.

Mkono ulianza na ganzi ya kidole gumba. Ganzi ikawa maumivu, maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko, na sindano zikaanza kuanguka zenyewe. Mama alimpaka mafuta, akamsugua kwa vidole vyake ambavyo navyo vilikuwa vimekwisha.

"Pumzika, mwanangu."

"Punda afe, mzigo ufike, mama."

"Haya. Na kesho mzigo utabebwa na nani?"

Daktari alisema hilo hilo kwa lugha ndefu zaidi. Nyuzi akaitikia ndiyo, ndiyo, akanunua bandeji, akafunga kidole na kurudi mezani. Nikimaliza oda hii, alisema. Mwulize fundi yeyote: oda hii huwa haina mwisho, huwa inazaa usiku kama panya. Na kuna jambo lililomuuma kuliko kidole, ambalo hakumwambia mtu. Alikuja mteja akataka kitu kipya, kitu ambacho hakuna mwingine anacho, kama vile vya zamani. Nyuzi akakaa mbele ya trei. Akili ilikuwa nyeupe. Mkono wenyewe ukaenda ukachukua vifungo, ukaanza safu ile ile. Aliogopa. Akajiona kama mtu anayejiigiza mwenyewe, na anajiigiza vibaya.

Kisha mama akaacha kuja. Kwanza magoti, halafu kifua, halafu akahamia kwa mdogo wa Nyuzi, upande wa pili wa mji, kwenye chumba chenye dirisha la jua la asubuhi. Nyuzi alikuwa akienda. Msimseme kwamba hakwenda. Alikwenda amebeba mfuko wa matunda mkono mmoja na trei ya shanga mkono wa pili, akakaa kando ya kitanda, trei mapajani, akawa anaongea na mama huku macho yakiwa kwenye tundu la sindano. Mama alikuwa amejifunika shali mpaka kidevuni kwa sababu ya baridi. Nyuzi alimwona kila alipokwenda. Kumtazama hakumtazama.

"Dada," mdogo wake alimwambia siku moja wakiwa mlangoni, "mama anapungua."

"Uzee huo. Nitaleta ile dawa ya hamu ya kula."

"Hana haja ya dawa. Kaa naye tu siku nzima, bila hiyo trei."

"Nikimaliza oda hii."

Mdogo wake alimtazama, akafunga mlango taratibu. Nyuzi akaleta dawa, akaleta blanketi zito, akaleta chupa ya chai inayotunza moto. Alileta kila kitu kinachouzwa.

Mwisho wake kidole kikagoma. Asubuhi moja kilikunjika na hakikukunjuka, na koleo halikufunga. Jumanne ile mwenye duka akakuta kazi nusu. Alikuwa mpole kabisa, akasema pole fundi, upone kwanza, afya ndiyo mtaji. Wiki chache baadaye vidani vya vifungo vilikuwa vinaning'inia dukani kwake kama kawaida, vimetengenezwa na mkono mwingine, na mafundo yake kwa nyuma yalikuwa hovyo. Nyuzi aliyaona kupitia kioo, akapita. Angemlaumu vipi? Duka halina ugomvi na mtu, linataka kujaa tu.

Nyuzi za ukutani zikachukuliwa na wenyewe moja moja, wengine wakidai malipo yao ya awali, wengine wakisema watarudi. Ukabaki uzi mmoja kule mlangoni, mrefu, umeshika vumbi, kitambaa chake hakijulikani tena kilikuwa rangi gani. Nyuzi aliushusha akaupuliza. Alikaa nao mkononi muda mrefu na aliona aibu, aibu ya mtu aliye peke yake, ambayo haina wa kumficha.

Akalimwaga lile kopo la vifungo. Akajifunza kutunga kwa mkono wa kushoto, polepole, akipumzika kila kidole kinapolalamika, akiloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kama zamani. Hakuna aliyesubiri. Hakuna aliyesema mpenzi. Na kile kilichokuwa kimekauka kikarudi: vifungo vikaanza kuzungumza, vyeusi vya suruali vikakaa mgongoni mwa vyekundu vya magauni, vile vidogo vya mashati ya watoto vikajaza nafasi, na cheupe kikubwa kikakaa katikati kama mwenye nyumba. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Alijua, na kwa nyuma mafundo yalikuwa safi kuliko mbele. Alikilaza kidani juu ya trei sambamba na uzi wa mama, akakikata sawasawa na fundo. Alicheka peke yake kwa furaha. Uzi haudanganyi.

Alikwenda nacho Jumatatu. Hakubeba trei wala koleo. Aliyeuamini uzi abebe koleo la nini? Mdogo wake akafungua mlango, akaona kifurushi, akashusha pumzi. Mama alikuwa amekaa kitini dirishani, kikombe cha chai mbele yake juu ya meza ndogo.

"Mama, funga macho."

"Hata nikiyafumbua si yamefungwa? Leta."

Nyuzi alimvua shali. Ilikuwa mara ya kwanza, baada ya miezi mingi, kuivua kwa mkono wake mwenyewe. Shingo iliyotoka chini ya shali hakuijua. Ilikuwa nyembamba, mishipa yake inahesabika, na mikunjo ile aliyokuwa ameitekenya ilikuwa imelegea haina cha kushika. Akamvisha. Kifungo kikubwa kikapita kishimo cha koo, hakikusimama pale, kikateremka mpaka katikati ya kifua kikalala huko.

Mama akakitafuta kwa vidole kwenye koo, akakikosa, akashuka navyo mpaka akakipata. Akakigeuza kidani nyuma, akapapasa mafundo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akacheka.

"Kumbe shingo yangu ilikuwa kwako! Na mimi huku naitafuta."

Mdogo wake akageukia ukutani. Nyuzi alikuwa ameshikilia mgongo wa kiti. Uzi haukudanganya hata kidogo. Ulisema kweli tupu ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye chumba chake anacheka, na yeye akamwacha aondoke.

"Nipe, mama, nikakipunguze. Kazi ndogo sana, nitakuletea kesh..."

Mama alifunika kifungo kwa kiganja. "Ukiondoka nacho, kitarudi msumarini."

"Hakirudi! Sina mteja hata mmoja sasa hivi."

"Watakuja. Mkono ukipona watakuja tu, wewe ni fundi. Na mimi ni wa nyumbani."

Hakusema kwa kijembe. Kingekuwa kijembe, Nyuzi angejibu, wangegombana kidogo na mambo yangeisha. Alisema kama mtu anayesema leo kuna jua.

Jumatatu iliyofuata Nyuzi alikwenda na koleo kwenye mkoba. Mama akasema leo amechoka. Jumatatu nyingine akasema leo shingo ina baridi, asivuliwe. Kila wiki koleo lilikwenda na kurudi, na kwa kuwa hakuna kazi iliyofanyika, Nyuzi alibaki amekaa mikono mitupu, akimsugua mama miguu, akimtazama. Alijua sasa kwamba sikio la kushoto halisikii, kwamba mama anapenda chai ipoe, kwamba akilala jicho moja halifungi vizuri. Mambo hayo mdogo wake aliyajua siku nyingi.

Mara ya mwisho aliyouliza, alisihi.

"Mama, nakuomba. Dakika chache tu, hapa hapa, mbele yako. Kinakudhalilisha kikikaa chini hivyo, na kinanidhalilisha mimi."

"Jumatatu ijayo," mama akasema.

"Ndivyo unavyosema kila Jumatatu."

"Kwani wewe ulikuwa unasemaje?" Akamshika kile kidole kibovu, akakikunja na kukikunjua taratibu. "Sikia, mwanangu. Ukishakipunguza, kazi yangu itakuwa imekwisha. Sasa utakuja kufanya nini?"

Nyuzi alifungua kinywa aseme nitakuja tu, mama, nitakuja bila kazi. Lakini wote watatu mle ndani, pamoja na mdogo wake aliyesimama mlangoni, walikuwa wanamjua. Akalirudisha koleo kwenye mkoba.

Mama akainamia kikombe chake. Kifungo kikubwa kikaning'inia, kikagonga ukingo wa kikombe, ti, kikagonga tena. Kila akinywa chai hugonga hivyo.

"Unakisikia?" mama akauliza.

"Nakisikia, mama."